Milango ya Mapafu

Habari haikuwahi kulala nyumbani kwa Hélène. Hata mwaka ule wa Korona, ua wake pale Kikula ulifurika watu, na kila aliyeingia alitoka na la kusimulia.

Hii aliileta Godefroid, mpangaji wake aliyesomea uuguzi.

"Tantine, kile kirusi kiko na miiba. Mwiba unashika mlango kwenye mapafu, ndiyo kinaingia. Wataalamu wanaujua sasa: chanjo itafundisha mwili kuziba mwiba, na wanatafuta dawa ya kuuzuia usishike. Wengine wanaogopa dawa ya tansion inaongeza ile milango, lakini…"

Ile "lakini" Godefroid alibaki nayo peke yake. Hélène alishafika kwa jirani.

Siku ileile alitumbukiza chooni vidonge vya mama yake, mama Orpa, vile vya kuzuia damu isipande. Wenye tansion wa mtaa mzima akawasihi wafanye vivyo hivyo.

Wiki ya tatu, kikombe cha chai kilimponyoka mama Orpa. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukaning'inia.

Hospitalini daktari alipima, akapima tena. "Tansion ishirini na mbili, juu sana! Anakunywaka dawa yake?"

"Kila siku, docteur."

"Basi iko kitu kingine kinamupandisha. Tutatafuta kwenye figo."

Daktari alishaanza kuondoka. Mama Orpa alimtazama binti yake, akijaribu kusema, mate yakimtiririka. Ukumbi ulijaa watu wa Kikula, masikio wazi. Hélène akamdaka daktari koti.

"Nilidanganya! Miye nilizitupa. Walisema zinafungulia Korona milango."

"Nani hao? Wataalamu walikuwa wanaogopa tu, hakuna aliyethibitisha. Madaktari wa moyo wamekataza muntu kuacha dawa yake!" Akashusha sauti. "Huu mkono, mama, sijui kama utarudi. Wengine uliwaambia?"

Hélène akatoa simu. Akatafuta namba ya Danielle, wa nyumba ya tatu, ambaye mumewe Firmin naye alikuwa na tansion.

"Danielle, dawa za Firmin ziko?"

"Ya Hélène, dada yangu! Si weye ulisema tutupe?" Danielle akacheka. "Mwenyewe amelala. Kichwa kinamupasuka tangu jana. Nikamwambia ni jua la kazini kule Kambove."

"Mwamshe! Mulete hapa, sasa hivi!"

"Kelele za nini? Ngoja basi." Ndara zikaburuzika, mlango ukalia. "Firmin. Baba Jessy, amka, Ya Hélène anakuita… Firmin? Firmin!"