Kigari cha Gunborg na Lundo la Majani

Siku kigari cha kumsaidia kutembea kilipoletwa, bibi Gunborg Lidström alikizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada, kisha akatangaza kwamba hakitalala ndani ya nyumba yake. Kilikuwa na magurudumu manne, vishikio viwili vyenye breki kama za baiskeli, kiti kidogo katikati na kikapu mbele. Binti wa mazoezi ya viungo, aitwaye Sanna, alipandisha vishikio mpaka vikalingana na vifundo vya mikono ya Gunborg iliyoning'inia. Akamwonyesha namna ya kutembea akiwa ndani ya kigari, si kukisukuma mbali kama toroli la saruji. Akamwambia afunge breki zote mbili kabla ya kuketi, na azikague kila wiki.

Gunborg aliitikia kila neno. Ieleweke kwamba watu wa Granträsk, kijiji chake cha kaskazini kwenye baridi, hawaitikii kwa kufungua kinywa. Wanabana midomo na kuvuta pumzi ndani, fshup, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni, na hiyo ni "ndiyo" yao. Gunborg alitoa fshup nyingi asubuhi ile, za heshima kabisa, na hakuna hata moja aliyoikusudia.

Kwa nini aikusudie? Tangu utoto, majira yote ya baridi, alikuwa akienda dukani kwa kiti cha kuteleza: kiti cha mbao kilichowekwa juu ya vyuma viwili virefu. Unasimama nyuma, mguu mmoja juu ya chuma, mwingine unapiga teke theluji, na mteremko unamalizia kazi. Breki ni kisigino chako. Sasa kitazame kigari kwa nyuma: vishikio hivi hapa, kiti kile kule mbele, na chini, kati ya magurudumu ya nyuma, kuna chuma kilichokingama, upana wake sawasawa na kiatu. Mtu wa nchi nyingine angeona kifaa cha wazee. Gunborg aliona kiti cha kuteleza kilichoota magurudumu.

Akakanyaga, akapiga teke. Kiangazi kizima kijiji kikamwona akishuka dukani koti likipepea, uso mtulivu kama wa askofu.

Jambo hili lingebaki kati yake na mteremko, lakini alikuwapo Kjell. Huyu ni mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye upara, aliyehamia kusini kwenye mji tambarare kama meza. Huko alikuwa amemtafutia mama yake nyumba ya ghorofani, yenye lifti.

"Mama, mimi silali," alisema kwenye simu. "Mteremko ule utakuua."

"Mteremko huo ndio ulionilea. Wewe pia."

"Basi tukubaliane. Nakuja Oktoba. Tutakwenda dukani na kurudi, wewe na kigari chako. Nikiridhika, unabaki. Nisiporidhika, tunafunga nyumba kabla theluji haijaanguka."

Gunborg aliitazama nyumba yake nyekundu, na jiko lake la kuni ambalo hakuna mwingine aliyejua kuliwasha bila moshi, na ziwa lililolala chini ya dirisha. Akavuta fshup. Hii aliikusudia.

Ng'ambo ya barabara, chini kidogo mteremkoni, aliishi Evert, dereva mstaafu wa malori ya magogo. Naye alikuwa na kigari, chenye kengele na vioo vya kung'aa gizani. Oktoba ilipofika na kijiji kizima kikabadilisha matairi ya magari kujiandaa na barafu, Evert alikipindua kigari chake uani akalala kando yake na spana, akikiongelesha kwa sauti ya chini.

"Jirani!" alimwita Gunborg. "Chako kimekaguliwa lini?"

"Kina afya kunishinda mimi."

"Breki je?"

"Breki za nini? Siendi kasi."

"Huendi kasi! Juzi umempita paka wangu, na maskini alikuwa anafukuzwa na mbwa."

"Paka wako mvivu kama mwenyewe," akajibu Gunborg, akaenda zake.

Jumanne iliyotangulia ujio wa Kjell, barabara iliamka na umande ulioganda. Gunborg alining'iniza mfuko wa chupa tupu za kurudisha dukani kwenye kishikio cha kushoto, akavaa glavu zake nyekundu, akakanyaga chuma, akapiga teke. Nusu ya mteremko ilikwenda kwa raha isiyo na kifani. Kisha chupa zikaanza kuvuta kigari kushoto. Gunborg akabana breki. Hakuna kilichotokea, kwa kuwa waya zake zilikuwa zimelegea tangu kiangazi. Akashusha kisigino. Kisigino kikateleza. Na wakati huohuo uzi wa sufu, uliokuwa umejizungusha kimyakimya kwenye gurudumu la mbele kwa wiki kadhaa alizoketi juu ya kigari akifuma soksi, ukaamua kwamba sasa inatosha. Gurudumu likagoma. Kigari kikageuka, kikaingia langoni kwa Evert bila kubisha hodi, na Gunborg akaendelea peke yake hadi ndani ya lundo la majani ya miti ambalo Evert alikuwa amelikusanya kwa siku mbili.

Evert alitoka na kikombe mkononi. Akalitazama lundo.

"Uko hai?"

Ndani ya majani: fshup.

"Kuna kilichovunjika?"

"Kiburi kimepata ufa. Vingine vinacheza."

Hakumvuta mkono. Alimwambia atulie, aguse kiungo kimoja kimoja, kisha akaleta kiti kizito cha jikoni ajishikie na kuinuka taratibu. Gunborg akakikalia, majani kichwani kama malkia wa msimu.

"Utamwambia Kjell?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kahawa. Na utii."

Kahawa ilinywewa hukohuko uani, na vipande vya jibini vikielea ndani ya kikombe, kama ilivyo desturi ya huko. Utii ulifuata. Evert alikata uzi kwa mkasi, akauchomoa wote kwenye ekseli, rundo jekundu la kutosha kisigino cha soksi.

"Hii ni soksi ya Kjell," Gunborg akasema kwa uchungu.

"Ilikuwa imuue mama wa Kjell. Shika spana."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mimi nina changu."

Basi Gunborg mwenyewe akazungusha nati ya waya hadi breki zikakaza. Akafunga breki, akakisukuma kigari, na magurudumu hayakusogea hata chembe. Akakaza skrubu za vishikio. Akaosha matairi. Akasikiliza kama chuma cha kukunjia kinalia "tak" kinapokaa mahali pake. Siku zilizobaki walifanya mazoezi mteremkoni: mizigo kwenye kikapu, mwili ndani ya kigari, breki zikibanwa kidogokidogo wakati wa kushuka. Paka wa Evert aliwapita mara mbili kwa makusudi.

"Anakudharau," Evert akasema.

"Mwache. Siku yake inakuja."

Kitu kimoja tu hakikuonekana: glavu ya kulia.

Kjell alifika Jumamosi. Wakashuka dukani, yeye ubavuni mwa mama yake, mikono mbele kama mdaka mpira. Hapakuwa na kitu cha kudaka. Gunborg alibana breki, akahesabu pumzi, akapita penye barafu kwa hatua fupi. Dukani alifunga breki zote mbili, akaketi, akapumzika kwa adabu ya kuchosha. Walipanda tena bila neno baya. Evert, langoni kwake, alikuwa anakusanya majani na macho yake yako mbinguni.

Kjell alimketisha mama yake kwenye benchi la barazani.

"Umetembea vizuri, Mama. Kweli kabisa." Akajikuna upara. "Lakini theluji ikija... sijui. Mazoea ni kitu kibaya. Siku moja utasahau."

Moyo wa Gunborg ukashuka hadi kwenye viatu. Ndani, palt zilikuwa zinachemka, yale madonge ya viazi yenye nyama ya nguruwe katikati, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba siagi imesahaulika. Palt bila siagi ni msiba.

"Nakwenda mimi," Kjell akasema. "Nikopeshe kigari, nilete na gunia la viazi."

Gunborg alimtazama akifika ukingoni mwa mteremko. Aliiona hewa baridi ikimwingia puani. Akauona mguu wa kushoto, mguu uliolelewa Granträsk, ukiinuka wenyewe na kutua juu ya chuma kile. Mguu wa kulia ukapiga teke.

"Kjell! Shuka! Breki!"

Kjell alikuwa mtoto mtiifu. Alibana breki zote mbili kwa nguvu zake zote, na breki, zilizokazwa na mama yake mwenyewe, zikashika. Kigari kikasimama. Kjell hakusimama. Lundo la majani lilimpokea kama mwenyeji aliyezoea wageni.

"Uko hai?" Evert akauliza, akiegemea reki.

"Sijui imekuwaje! Mguu umekwenda wenyewe!"

"Ndivyo inavyokuwa," Evert akasema, akakohoa sana.

Kjell alijipapasa katikati ya majani akitafuta miwani. Mkono wake ukatoka na miwani, na glavu nyekundu. Akaigeuza. Aliijua, alikuwa na ya namna hiyo, iliyofumwa na mama yake, tangu akiwa shule. Akamtazama Evert, ambaye alikuwa anahesabu mawingu. Akamtazama mama yake kule juu barazani, aliyekaa wima kama yuko kanisani.

Akainuka, akajikung'uta. Akabonyeza breki moja, kisha nyingine, akasukuma kigari kilichogoma kusogea.

"Nani amekaza breki hizi?"

"Mimi," Gunborg akaita kutoka juu.

"Mwenyewe?"

"Kwa spana. Njoo nikufundishe, maana wewe ni hatari barabarani. Labda tukutafutie nyumba yenye lifti."

Evert aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika.

"Kwa hiyo?" Gunborg akauliza. "Nabaki?"

Kjell aliitia glavu mfukoni. Kule kusini alikuwa amejifunza kusema ndiyo kwa mdomo mzima, kama watu wa huko. Sasa alibana midomo, jani la njano limemganda shavuni, akavuta pumzi ndani.

Fshup.

Kisha akaenda kuleta siagi, kwa miguu.