Kuskusi ya Mahindi

Mama mkwe wangu, Bi Zulikha, huapa kwa kila kitu. Ataapa kwamba vitunguu vya leo ni vikali kuliko vya juzi, ataapa kwamba muuza nyama ana mkono mzito kwenye mzani. Wallahi hiki, wallahi kile, kutwa nzima. Lakini siku aliponiletea kuskusi ya mahindi kwenye bakuli lenye kifuniko na kuniambia, "Haya, hii ya binti yako, mahindi matupu," hakuapa. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikainama nikambusu kichwani mbele ya watu wote. Nikilikumbuka busu lile, damu inanichemka mpaka leo.

Binti yangu anaitwa Selsabil. Alipofika miaka minane, wageni walikuwa wakimdhania ana mitano. Tumbo limejaa, miguu vijiti, uso hauna rangi. Nyumba nzima ikasema ni jicho la hasidi. Wakamfukizia ubani, wakamsomea, wakamfunga hirizi mkononi. Najat, wifi yangu, ambaye hajaolewa na anaishi na mama yake, alikuwa akimtazama na kuniambia, "Huyu ni Warda mtupu. Mdomo ule ule, miguu ile ile."

Warda alikuwa dada yao. Alifariki mdogo, kabla hata Lazhar, mume wangu, hajaanza shule. Picha yake iko sebuleni kwa Bi Zulikha, juu ya kabati la vyombo: msichana mwembamba mwenye tumbo kubwa, kasimama kwenye shamba la ngano, jua limempiga machoni. Yeye naye, walisema, alipigwa jicho.

Mimi nilichoka na majicho. Nilimbeba mwanangu mpaka Setif mjini, Lazhar akinifuata nyuma akinung'unika, na daktari akampima damu, akaingiza kamera tumboni, akatuambia: ni ngano. Ngano na shayiri. Mwili wa mtoto huyu ukipata ngano unajiumiza wenyewe, utumbo unachakaa, chakula hakiingii mwilini. Dawa hakuna. Asile tu. "Hata chembe," alisema, akitutazama mimi na Lazhar wote wawili. "Hata chembe, maisha yake yote."

Sasa jaribu kuwaambia watu wa kwetu habari hiyo. Kuanzia mlangoni mwa Bi Zulikha mpaka macho yanapokoma ni ngano. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alilima ngano mpaka akafa. Lazhar anauza vipuri vya matrekta yanayolima ngano.

"Nyumba hii imejengwa kwa ngano," Bi Zulikha alisema, "leo ngano imekuwa sumu?"

"Magonjwa ya Wafaransa hayo, Mama," Najat akadakia. "Wifi yangu kayasoma kwenye simu."

"Nimeyasikia kwa daktari," nikasema.

"Daktari naye ana simu."

Wakacheka. Lazhar naye akacheka, kisha akaniona, akajifanya anakohoa.

Basi nikaanza peke yangu. Niliondoa unga wote jikoni. Nilinunua sufuria mpya, kikaango kipya, nikaoka mkate wa mahindi uliokuwa ukimomonyoka mkononi kabla haujafika mdomoni. Selsabil aliula bila kulalamika, akiokota vipande mezani kwa kidole. Na akaanza kukua, jamani! Tumbo likashuka. Mashavu yakapata damu. Suruali niliyomnunulia ikapanda juu ya kifundo cha mguu, na mimi nikakaa na sindano kuishusha pindo huku nikilia kwa furaha kama niliyepewa mtoto mwingine.

Ikabaki Ijumaa tu. Ijumaa baada ya sala tunakula kwa Bi Zulikha. Kuskusi, ambayo kwetu ni ya ngano, inamwagwa kwenye chano kimoja kikubwa cha mti, mchuzi juu, nyama katikati, kila mtu na kijiko chake anachimba mbele yake. Mwanangu akawa anakaa pembeni na sahani yake ya wali. Bi Zulikha hakuweza kulivumilia jambo hilo. "Mtoto anakula peke yake kama paka," alikuwa akisema kila Ijumaa, na Selsabil anainamisha kichwa.

Ndiyo maana bakuli lile lilipokuja, nilimbusu. Nilijua kazi yake. Kuskusi inaviringwa kwa kiganja, chembe kwa chembe, inachekechwa, inapikwa kwa mvuke, inafikichwa, inarudishwa tena kwenye mvuke. Mwanamke wa umri wake, magoti yote mabovu, kaketi chini kuviringa mahindi kwa ajili ya mjukuu mmoja! Nilisema moyoni, basi, moyo wake umelainika. Tukaanza kumwekea Selsabil bakuli lake kando ya chano, akakaa na wenzake, akala mpaka akalamba kijiko, na mara nyingine akalala huko huko kwa bibi yake.

Baridi ilipoingia, ile suruali ilikuwa bado inamtosha. Nikasema labda ni msimu, watoto hupumzika. Kisha tumbo likarudi. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Tukarudi kwa daktari, akatoa damu, na majibu yalipotoka hakunizungusha.

"Mama, mtoto huyu anakula ngano."

"Hali, daktari."

"Damu haidanganyi. Anakula, tena mara kwa mara."

Ndani ya gari Lazhar hakuwasha injini. "Unampa nini huyu mtoto?" akaniuliza. Mimi! Mimi ninayeosha kijiko mara mbili kabla hakijagusa chakula chake! Nilirudi nyumbani nikatupa viungo vyote, nikatupa chokoleti, nikatupa mwiko. Nikamshika Selsabil mabega nikamwuliza ni nani anayempa biskuti shuleni. Akalia, akaapa hakuna. Sikumwamini. Nilimgombeza mwanangu kwa kosa la watu wengine.

Alhamisi moja nikaenda kwa Bi Zulikha bila kusema, asubuhi, ili anifundishe kuviringa ile kuskusi ya mahindi. Nilifikiri, afadhali nimpikie hiyo kila siku, chakula pekee ninachokiamini. Ndivyo nilivyofikiri, wallahi.

Nikawakuta uani, yeye na Najat, beseni la mahindi katikati. Bi Zulikha alinyunyiza maji, akazungusha kiganja, kisha akapeleka mkono kwenye bakuli lililokuwa kando ya goti lake, akachota unga mweupe, akaunyunyiza juu, akaendelea kuzungusha. Chembe zikashikana, nzuri, sawasawa. Nilisimama mlangoni nikitazama mkono ule ukienda na kurudi.

"Huo unga wa nini?" nikauliza.

Bi Zulikha hakuinua uso. Najat ndiye aliyejibu, tena bila wasiwasi. "Wa ngano. Wa nini tena? Mahindi peke yake hayashikani, yanabaki vumbi. Hata mtoto mdogo anajua."

"Mlisema mahindi matupu."

"Si mahindi? Konzi moja tu ya unga kwenye beseni zima! Kila aliyezaliwa nyumba hii anajua hivyo. Mwulize mumeo."

Nikaenda kumwuliza mume wangu. Nilimkuta dukani kwake, nikamtoa nje mbele ya wateja. "Ulijua?"

Akajikuna shingo. "Nilijua huwa wanatia kidogo. Mama alitia hivyo tangu sisi wadogo."

"Na daktari aliposema hata chembe, ulikuwa wapi?"

"Nilidhani anasema mkate, Houria. Kuskusi ni... ni ya Mama."

"Na ndani ya gari ukaniuliza mimi nampa nini!"

Wallahi ningekuwa na mwiko mkononi siku ile, tungezungumza mengine.

Lakini lililonimaliza ni Selsabil. Nilipomwuliza taratibu kama tumbo humwuma akila kwa Bibi, aliangalia mlangoni kwanza. Kisha akasema, "Huuma Ijumaa usiku. Bibi alisema nisikwambie, utanikataza kwenda kwake."

Ijumaa nikaenda. Lazhar alinisihi njia nzima: Mama ni mzee, Mama hakukusudia, ongea naye polepole. Nilipakata sufuria yangu ya wali na mchuzi, imefungwa kwa kitambaa.

Chano kilikuwa tayari kimeandaliwa, mvuke unapanda, na kando yake lile bakuli la kuskusi ya mahindi. Nikaliondoa. Nikaliweka chini karibu na mlango, nikampakulia mwanangu wali.

"Unatupa chakula changu?" Bi Zulikha akauliza.

"Sijakitupa. Nimekitenga na mwanangu."

"Njoo, Selsabil." Akachota kijiko kutoka kwenye chano, kile kikubwa cha ngano tupu, akamnyooshea. "Njoo ule na wenzako. Kijiko kimoja hakiui mtu."

Mtoto akanitazama, akamtazama bibi yake, akafungua mdomo. Akafungua mdomo, jamani, kwa adabu! Nikakipiga kile kijiko kikaruka, kuskusi ikamwagika kwenye zulia na kwenye kifua cha Lazhar.

"Ebo! Umepagawa?" Najat akapiga kelele.

"Ndiyo, nimepagawa! Kijiko kimoja, konzi moja, chembe moja! Mnamuua kwa kidogo kidogo halafu mnasema jicho! Mtazameni!" Nikanyoosha mkono juu ya kabati. "Mtazameni Warda! Tazameni tumbo lile! Jicho gani lile? Lilikuwa jicho la nani?"

Nilijua ninachosema. Nilikisema kusudi, na nilitaka kiume.

Lazhar alikuwa na punje za kuskusi kwenye shati na hakuzikung'uta. Bi Zulikha aliitazama ile picha, halafu akaongea kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Unadhani sijaona?" akasema. "Siku mliporudi kutoka kwa daktari mkaniambia ni ngano, niliitoa picha hiyo nikakaa nayo. Alikuwa akilia tumbo, mimi namlainishia mkate kwa maziwa. Alipokataa, nilimfungua mdomo kwa vidole hivi. Nilisema, ale apate nguvu." Aliinua mikono yake, akaishusha. "Nikasema, kama huyu atakula kidogo cha mkono wangu na asidhurike, basi si ngano. Basi si mimi."

Najat alianza kulia. Lazhar akasema, "Mama," akamshika bega.

Watu wanatarajia niseme kwamba hapo hasira iliniisha. Haikuisha. Nilimhurumia, ndiyo, maana mimi pia ni mama na mimi pia nimewahi kumbembeleza mtoto huyu amalize mkate. Lakini nilimwona Selsabil amesimama na suruali yake isiyofupika, nikajua mwanangu alikuwa akitumiwa kama kipimo.

"Ulipoona tumbo limerudi," nikamwuliza, "mbona hukuacha?"

Akavuta ushungi usoni.

"Uliona. Wewe ndiye unayemwogesha akilala hapa. Uliona, ukaongeza Ijumaa nyingine. Ulitaka kujivua lawama ya Warda wako, na ukalijaribu hilo kwa mwanangu."

"Houria, yatosha," Lazhar akasema.

"Haijatosha. Kaa kimya, wewe zamu yako iko nyumbani."

Nikafunga sufuria yangu. Nikamshika mtoto mkono. Mlangoni Bi Zulikha akaniita, si kwa jina, aliniita "mwanangu", akauliza kama basi hatamwona tena mjukuu wake Ijumaa.

"Ijumaa utamwona," nikasema. "Kwangu. Utakuja mikono mitupu. Hata mkate wa njiani usibebe. Na utanawa mlangoni kabla hujamgusa."

Najat akafyonza. Bi Zulikha akaitikia kwa kichwa.

Nilidhani hatakuja. Alikuja, amevaa nguo ya Idi, akanawa mlangoni mpaka viwiko kama anayetawadha, akaketi. Nilikuwa nimejaribu kuviringa mahindi bila ngano, na kweli hayakushikana, yakabaki vumbi na mabonge. Nikaupeleka ubaya ule mezani hivyo hivyo, mchuzi juu. Selsabil akachukua kijiko chake, akachota, akamnyooshea bibi yake.

"Onja, Bibi. Hii haiumi."

Bi Zulikha akafungua mdomo. Akatafuna muda mrefu, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kidevu, na akameza. Mimi nikampakulia sahani, kisha nikampakulia tena. Na bado sijamsamehe.