Mguu wa Nne

Watu wa Tarbell, mji mdogo wa kaskazini mwa Marekani, wana mambo yao. Kiti cha mwendesha mkutano wa mji hakiletwi ukumbini kikiwa kimekamilika. Kinaletwa vipande, na miguu yake inapigwa mbele ya wananchi wote, ili watu wa upande mmoja wasije wakasema kimetengenezewa wa upande mwingine. Miguu ikishaingia, fundi hukikalia kwanza mwenyewe, kuonyesha kwamba lawama ikitokea ni yake. Kile cha zamani, kilichokuwepo tangu enzi za vita vya kumfukuza mfalme wa Waingereza, kiliungua siku dohani ya ukumbi iliposhika moto. Kwa hiyo Jumanne ile ya Machi, theluji ikiwa bado imerundikana milangoni, mji mzima ulikuja kumwangalia Orrin Tasker akipiga miguu ya kiti kipya, mfano halisi wa kile cha mababu, kilichochongwa kwa mkono kila kipande.

Binti yake Lorna alisimama upande wa pili wa benchi, viganja amevikandamiza juu ya ubao wa kikalio uliopinduliwa. Alijua jambo ambalo mji haukulijua. Baba yake alikuwa hasikii.

Si kwamba alikuwa kiziwi wa kutosikia radi. Ukisimama mbele yake ukasema kwa nguvu atakujibu, na matusi atakuongezea bure. Zilizompotea ni sauti nyembamba: ndege, kengele ya mlango, mluzi wa birika. Lorna aliligundua hilo wakati wa baridi, alipoingia karakana akakuta birika limelia mpaka limekauka, na mzee amekaa pembeni yake ananoa patasi.

"Baba, husikii?"

"Nasikia kuliko wewe," alijibiwa, na siku hiyo hakusemeshwa tena.

Mtu anaweza kupiga randa bila masikio. Anaweza kuchonga na kutoboa. Lakini mguu wa kiti cha namna hii haupigwi kwa macho. Ncha yake imechongoka kama karoti, na tundu la kikalio limechongwa vivyo hivyo, basi kila nyundo ikishuka mguu unazama na kukaza. Nyundo inalia bu, bu, bu, halafu ghafla inalia ti. Hapo mguu umefika, na fundi anaacha. Akiongeza pigo moja tu, kikalio cha msonobari kinapasuka kutoka tunduni hadi ukingoni, na kazi yote inakuwa kuni.

Msimu uliopita wa majani kupukutika, vikalio vitatu vilipasuka karakana kwa Tasker. Mzee akashuka dukani kwa Elwin Pease, akaagiza kahawa, akasema mbele ya kila aliyekuwepo kwamba anayekausha mbao ni Lorna, na Lorna hana mkono wa mbao. "Anazikausha kama anaanika soksi," alisema, watu wakacheka. Maneno yale yakavuka mto hadi jimbo jirani la Vermont, kwa mwenye karakana kubwa aliyekuwa tayari kumwajiri Lorna awe fundi wake mkuu. Naye akapiga simu: "Samahani, dada, nasikia mbao zako zinapasuka." Ajira ikafa hapo hapo. Lorna alilia chooni asionekane, kisha akarudi kazini, kwa sababu atakwenda wapi na jina kama hilo?

"Haya, mzee Orrin!" aliita Winifred Coombs, mwendesha mkutano, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Maharage yanapoa huko jikoni. Unapiga au nikae sakafuni?"

"Umekalia kiti cha kukunja mwaka mzima, mama, na hujafa. Tulia."

Elwin Pease alikuwa safu ya mbele, tumbo limetangulia. "Lorna! Hiyo mbao imekauka kweli, au tuvae kofia za chuma?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Lorna alihisi masikio yakimwaka moto. Baba yake alikuwa anakoroga gundi ya moto, na hakusema neno la kumtetea. Labda hakusikia. Labda alisikia.

Mguu wa kwanza ukapakwa gundi, ukaingizwa tunduni. Bu, bu, bu, ti. Lorna alifungua mdomo apige kelele, lakini mzee alikuwa ameshaacha. Alishangaa. Bahati, aliwaza.

Kwenye mguu wa pili Lorna alimtazama mzee vizuri. Na hapo ndipo alipoona. Macho ya baba yake hayakuwa kwenye mguu, wala kwenye nyundo. Yalikuwa usoni kwake. Nyundo ilipolia ti, nyusi za Lorna zilipanda zenyewe, kama zilivyozoea kupanda tangu alipokuwa msichana wa kushikilia vikalio, na papo hapo mzee akasimamisha mkono.

Lorna akaanza kuhesabu siku. Vile vikalio vitatu vilipasuka lini? Siku alizompeleka shangazi yake hospitali. Siku ambazo hakuwepo karakana. Kumbe mzee alikuwa anajua! Alijua kwamba masikio yamekwisha, akawa anasikia kwa uso wa binti yake, na siku uso ule ulipokosekana, mbao ikapasuka. Kisha akaenda kunywa kahawa na kumtupia yeye lawama.

Hasira ilimpanda. Mguu wa tatu ulipowekwa, wazo baya lilimjia: akaze uso, asionyeshe kitu, mzee aongeze lile pigo moja mbele ya mji mzima. Lakini hata hilo lilikuwa mtego. Kikalio kikipasuka, Elwin atasema nini? Atasema mbao ya Lorna. Akimwokoa baba, uongo unabaki palepale. Asipomwokoa, uongo unapata ushahidi. Bu, bu, ti. Nyusi zikapanda kwa woga, na mguu wa tatu ukafika salama.

Ulibaki mmoja.

Orrin akaupaka gundi, akauingiza, akainua nyundo. Lorna akainamisha kichwa. Alizitazama kucha zake mwenyewe juu ya ule msonobari, nywele zikamwangukia usoni, akabaki hivyo.

Bu. Bu. Kisha kimya.

Mguu ulikuwa bado haujafika, hata mtoto angeona umesimama juu ya wenzake. Nyundo ilikuwa hewani. Haishuki.

"Lorna," mzee alisema. "Inua uso."

"Kwa nini, baba?" aliiuliza ile mbao.

Orrin alikitazama kile kichwa kilichoinama, akingoja jibu ambalo lilikwisha kutolewa. Mikunjo ya paji lake ikaanza kung'aa kwa jasho.

"Anauliza kwa nini!" Elwin alipaza sauti, na wachache wakacheka.

"Gundi inashika, mwanangu," mzee alinong'ona. Kweli ilikuwa inashika. Ikipoa mguu ukiwa nusu njia, hautaingia wala hautatoka, na kiti ndio basi. "Tafadhali."

Neno hilo Lorna hakuwahi kulisikia katika karakana yao. Lilimchoma, na nusura ainue uso. Akauma mdomo, akabaki ameinama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikwisha kuchoka kuwa shuka la kufunikia.

Nyundo ikalazwa juu ya benchi. Orrin Tasker akageuka akautazama mji.

"Sisikii," alisema.

"Sema kwa nguvu!" mtu wa nyuma alidai.

"Nimesema sisikii! Mwaka wa pili huu siisikii nyundo. Huyu ndiye masikio yangu. Vile vikalio nilivipasua mimi, siku ambazo hayupo. Mbao zake hazina kosa na hazijapata kuwa na kosa. Nilimsingizia kwa sababu niliona haya." Alimeza mate. "Elwin, siku ile ulicheka sana. Haya, cheka."

Elwin aliangalia viatu vyake. Hata kule jikoni, waliokuwa wakipakua walisimama na miiko mkononi.

Mzee akageukia benchi. Lorna alikuwa ameinua uso, kama alivyoombwa, lakini ulikuwa umelowa chapachapa, pua nyekundu, midomo ikitetemeka na nyusi zikienda kila upande. Orrin aliukodolea macho.

"Sasa hapo nitasoma nini?" alisema polepole. "Mafuriko matupu. Shika nyundo."

"Baba..."

"Shika! Gundi haimngoji mtu."

Akazunguka, akaweka viganja vyake pale vilipokuwa vya binti yake. Lorna akafuta macho kwa mkono wa shati, akapiga. Bu. Mguu ulikuwa mzito, gundi imeanza kuushika, ikabidi apige kwa nguvu zaidi ya alivyopenda. Bu. Mara hii aliogopa kweli, kwa sababu kikalio kikipasuka sasa, kosa ni lake. Bu. Bu.

Ti.

Alisimamisha mkono, akainua macho. Baba yake alikuwa akimwangalia, anangoja, kama mtu anayengoja mlangoni afunguliwe.

"Umefika, baba," alisema, taratibu, ili ausome mdomo wake.

Mzee akapitisha kidole kutoka tunduni hadi ukingoni, akitafuta ufa. Hakuupata. Wakakigeuza kiti pamoja, wakakisimamisha kwa miguu yake minne. Mgongo ungefuata baada ya chakula. Winifred Coombs alikuwa ameshapiga hatua moja mbele.

"Ngoja, mama," Orrin alimwambia. "Fundi hajakaa."

Lorna akasogea kando ampishe. Mzee hakutoka alipo. Alibaki amesimama na kofia mkononi, akimtazama binti yake usoni, mpaka Lorna akaelewa, akakaa.