Jiko Moja, Mabati Manne

Utepe wa kupimia uliingia jikoni bila hodi. Ulipita juu ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ukakwaruza nguzo ya mlango, ukakaza. Aliyeshika ncha ya ndani alikuwa Papa Hamisi, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa. Alisimama karibu kabisa na mafiga lakini hakuyakanyaga. Aliyazunguka polepole, kama mtu anayepita mbele ya mwenye kusali.

Nje, ukingoni mwa barabara, Arsène wa ofisi ya mipango ya mji alisoma namba akaiandika. Alivaa jileti mpya ya manjano, na alikuwa na haraka ya mtu mwenye nyumba arobaini za kupima kabla ya chakula cha mchana.

"Mama, hii jiko inaondoka," alisema. "Barabara inapanuliwa. Kanivo, mtaro wa maji, itapita hapa hapa. Jumatatu mashine inafika."

Mama Joëlle aliendelea kugeuza sombe. Jina lake la ubatizo ni Odette, ila tangu azae hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ndiyo desturi. Wale waliohamia avenyu baada ya vita hawakuwahi kumwona huyo Joëlle. Walidhani kaolewa Punia, au yuko Kisangani huko na maisha yake. Hawakuuliza, naye hakuwaambia.

"Jiko mubebe, papa," alisema. "Lakini chini ya mafiga iko muntu."

Kalamu ya Arsène ilisimama. "Muntu gani?"

"Mutoto yangu."

Arsène alimtazama Hamisi. Hamisi aliutazama utepe.

"Mama, sikiliza. Mji imeamua vizuri kabisa: kaburi yenye kuonekana, sisi wenyewe tunaihamisha, tunaipeleka makaburini. Lakini ionekane. Msalaba, simenti, jina. Mimi hapa naona mafiga."

"Mafiga njo alama yake."

"Mafiga njo jiko, mama."

Akaandika. Mama Joëlle aliyajua maandishi, ingawa kwa kusoma taratibu: *Jiko moja, mabati manne.* Arsène akampa kalamu, akamwambia asaini tu kuonyesha kwamba wamepita. Akasaini. Mkono wake ulinuka kitunguu, na karatasi ikabaki na doa la mafuta.

Mtu wa mahali pengine angeuliza: mama gani anapikia juu ya mwanawe? Auulize mwaka 2002. Mwaka ule treni haikuja Kindu. Waasi walikaa ndani ya mji, wapiganaji wa Mai-Mai wakauzunguka, na aliyevuka nyumba za mwisho kwenda shambani huenda asirudi. Watu walichemsha mizizi ya mpapai. Chumvi ilipimwa kwa kizibo cha chupa. Joëlle alikuwa na miaka saba. Aliharisha siku tatu, ya nne hakuamka. Makaburi yalikuwa nje ya mji, na njia imefungwa.

Kumzika uani nako kulikuwa na taabu yake. Wakati ule watu walifukia baiskeli, vyerehani, redio, chochote chenye bei, na askari walishajua. Wakiona udongo mpya wanachimba. Kwa mama mmoja, avenyu ya pili, walichimba wakakuta mzee, wakamwacha hapo juu ya udongo wakaenda zao. Ndipo watu wakabuni dawa: chini ya moto hakuna anayechimba.

Hamisi ndiye aliyechimba, kijana bado, mwenye kifua. Alichimba mpaka udongo ukamfika kifuani. Walimlaza Joëlle ndani ya mkeka wake wa kulalia, wakarudisha udongo, wakaupiga kwa mchi mpaka ukawa sakafu. Padri hakuwepo, kwa hiyo Hamisi akafungua mikono akasoma Fatiha, na Mama Joëlle Mkatoliki akaitikia amina. Kisha wakaweka mafiga matatu na kuwasha moto. Matanga hayakukaliwa. Kilio kingewaita askari, basi hakulia. Alipika mizizi juu yake, na waliokuwa hai wakala.

Amani ilipokuja alitaka kumhamisha. Mwaka wa kwanza hakuwa na nguvu. Wa pili alizaa Divine. Baadaye baba yao alikwenda kwenye machimbo ya Pangi asirudi, na ikawa kesho, na kesho. Ukweli ni kwamba alishazoea. Asubuhi akipuliza moto alikuwa akimwambia, "Umeamka?" Hakuona ajabu yoyote.

Mchana ule baada ya upimaji alikwenda kwa Papa Hamisi. Alimkuta amekaa sebuleni juu ya kiti cha plastiki, kofia imewekwa gotini.

"Wewe njo ulichimba," alisema.

"Mi njo nilichimba. Sikatai."

"Basi umwambie ule bwana. Neno moja. Shefu akisema, wanaandika."

Hamisi aliitazama sakafu yake ya simenti. Ilikuwa imepigwa vizuri, imeng'aa kwa kupita watu.

"Chini ya hii kiti iko mama yangu," alisema. "Pale mlangoni iko Saidi, ndugu yangu. Unajua, ulikuwepo. Sasa sheria mpya ya mji inasema, kiwanja, parsele yenye kaburi, haipewi karatasi. Haiuziki, hairithiwi. Mi nikisema ya kwako, kesho watauliza: na wewe shefu? Na Marie-Louise wa pale kona? Avenyu nzima tunalala juu ya watu wetu, Mama Joëlle. Ukifunua moja umefunua zote."

"Lakini kanivo inapita juu ya Joëlle peke yake."

"Najua."

"Basi?"

"Niko na wajukuu sita ndani ya hii nyumba," alisema Hamisi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si ya shefu. Mama Joëlle alimhurumia, na hilo lilimchosha kuliko kama wangegombana.

Ijumaa alikwenda eta sivili, kule wanakoandika vizazi na vifo. Alikaa benchini toka saa mbili. Saa sita kasoro akaitwa na karani mmoja, Nathalie, dada mpole mwenye nywele za kusuka. Nathalie alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ofisini ni nadra.

"Ili kaburi ihamishwe, inataka cheti ya kufa," alisema. "Na cheti ya kufa inataka ya kuzaliwa. Mutoto aliandikwa mwaka gani?"

"Tisini na tano."

Nathalie alikuwa tayari anatikisa kichwa. Vitabu vya mwaka ule viliungua wakati wa vita, pamoja na kabati lake.

"Kama hakuna mahali alizaliwa, mama yangu, siwezi kuandika mahali alikufa. Nenda tribinali wakupe hukumu ya kuziba pengo. Miezi tatu, ine."

"Mashine ni Jumatatu."

Nathalie alivuta nakala ya orodha ya upimaji iliyotumwa na ofisi ya mipango, akaifuata kwa kidole. "Na hapa umesaini jiko," alisema taratibu. Aliona haya, ilionekana wazi. Kisha akamwita aliyefuata.

Jumapili, watu wakiwa misani, Mama Joëlle alimwaga maji motoni. Divine alitoka chumbani kwa kusikia ule mlio. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, muuza mikate sokoni, na katika maisha yake hajaona moto wa pale ukizimwa kwa maji.

"Mama, unafanya nini?"

Mama yake akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, akiwa ameinama akiyasogeza mafiga, moja, la pili, la tatu. Divine alisimama na sahani ya sombe mkononi.

"Tangu lini?"

"Mbele hujazaliwa."

"Na hukunambia."

"Ungekula?"

Divine aliiweka sahani chini. Siku ile hakula, na kesho yake hakula. Lakini alikwenda nyuma ya nyumba akaleta jembe, na beleshi akampa mama yake, nao wakaanza kuchimba.

Majivu yalikwenda chini kuliko walivyodhani, yamegandamana tabaka kwa tabaka. Chini yake ukaja udongo mwekundu, mgumu, uliochomwa kwa miaka. Walipofika magotini Papa Hamisi alisimama mlangoni, amevaa kanzu yake safi. Labda Marie-Louise wa kona alimwambia. Labda alikuwa amekaa tu akisubiri kusikia jembe.

"Mama Joëlle. Kufukua bila ruhusa njo jela. Na polisi iko pale kwenye kona, wanalinda nguzo za mradi."

"Nenda kwako, Papa Hamisi. Wewe hujaona kitu."

"Ukitoa mufupa moja ikaonekana, inabidi niandike. Mi njo shefu. Nisipoandika, wataandika wengine, na wataandika na jina yangu. Nakuomba. Usinifanye niandike."

Mama Joëlle aliliegemea beleshi. Alimtazama huyu mtu ambaye aliwahi kuzama kifuani ndani ya shimo hili hili kwa ajili yake, na njaa tumboni, bila kuombwa mara mbili. Alitafuta hasira akaikosa. Alifikiri juu ya Divine gerezani, na juu ya wajukuu sita. Akaanza kurudisha udongo. Divine alilia, yeye hakulia. Hamisi alivua viatu akasaidia kurudisha, na hakuna aliyemfukuza.

Mashine ilifika Jumatatu kweli. Kwa habari ya kubomoa, serikali haichelewi. Mabati manne yalitolewa na kupangwa kando kwa adabu. Mama Joëlle alisimama mahali palipokuwa mlango wa jiko. Jino la chuma likachota majivu, likachota udongo mwekundu, likachota tena. Alikuwa anapima kwa macho. Magotini. Mapajani. Hapo dereva akazima, akashuka na fimbo yake ya kupimia, akasema inatosha.

Inatosha. Kaburi lilikuwa la kifua, na mtaro wa mapaja. Joëlle alikuwa bado chini, hakuguswa. Kwa kitambo kidogo Mama Joëlle alifurahi, furaha ya kijinga, na karibu amshukuru dereva. Kisha wakamwaga zege. Kufikia mwisho wa wiki maji ya avenyu nzima yalikuwa yanapita hapo: maji ya sabuni, ya choo cha shule, ya bucha ya kona, yakiteremka kuelekea Lualaba.

Mvua mbili zikapita. Ndipo ikatoka amri ya mji, ikasomwa kwa kipaza sauti: kila Jumamosi salongo, usafi wa pamoja, na kila mwenye parsele atasafisha kipande cha kanivo kilicho mbele yake. Mama Joëlle hakusubiri kipaza sauti. Alishuka asubuhi mapema na ufagio na ndoo. Alitoa matope, mifuko, manyoya ya kuku. Palipotakata alichukua maji ya kisima, akaanza kuosha zege lenyewe kwa kitambaa, kipande kimoja cha urefu wa mkeka wa mtoto, akirudia na kurudia.

Saa nne walikuja wakaguzi. Arsène mbele na orodha, Papa Hamisi nyuma. Hamisi alipofika pale alibaki ukingoni. Arsène aliruka ndani, akasimama na buti zake juu ya kipande kilichooshwa, akalitazama zege linavyong'aa.

"Hii njo inaitwa kazi," alisema. "Shefu, unaona? Avenyu nzima ingekuwa hivi, Kindu ingekuwa Ulaya." Akatoa simu. "Mama, nitazame. Picha ya rapoti. Jina?"

"Mama Joëlle."

"Joëlle yuko wapi, aje akusaidie?"

Papa Hamisi alivua kofia. Mama Joëlle alikamua maji kutoka kwenye kitambaa, akainua macho.

"Toa muguu, papa," alisema.

"Pole, mama, pole. Fagia." Arsène aliuinua mguu, akaushusha mbele kidogo, juu ya kipande kile kile, akapiga picha.