Sauti Iliyo Kwenye Wimbo wa Sita

"Simamisha hapo," fundi saa alisema, akavua hedifoni kama mtu aliyeungua masikio. "Mapigo yameruka."

"Yameruka makusudi, mzee," mpiga besi akamjibu.

"Makusudi? Mimi saa ikiruka hivyo naifungua, natafuta uchafu."

Mpiga besi alicheka, kisha akakumbuka kilichomleta, kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sugu kwenye ncha za vidole, na kwa miaka sita alikuwa amepiga muziki pamoja na binti wa fundi. Binti huyo, kifungua mimba wake, alikuwa mpiga saksafoni. Homa ya siku nne ilimchukua kabla albamu yake haijatoka. Sasa, wiki ya saba tangu mazishi, rafiki yake alikuwa ameweka kompyuta juu ya meza ya kazi, katikati ya visanduku vya springi na vioo vya saa, ili baba mtu asikilize kabla ya watu wengine.

Fundi alikubali upesi. Alidhani angeisikia ile saksafoni ya utotoni, inayoimba wimbo ulionyooka ambao hata jirani angeupigia mluzi. Badala yake ulianza mvumo, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Ngoma zikaingia zikichechemea. Saksafoni ikatokea mbali, lakini mitambo ikaikatakata, vipande vingine vikapigwa kinyumenyume. Wimbo wa pili karibu wote ulikuwa ukimya, na kitu kikidondoka. Ulipofika wa tatu, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Kwani yeye yuko wapi humu?" aliuliza.

"Ndiye huyo, mzee. Kila kinacholia ni yeye."

Jibu hilo lilimchoma. Aliweza kufumba macho akaitambua saa ya mteja kwa mlio tu, hata ikiwa miongoni mwa saa ishirini. Mtoto wake mwenyewe alikuwa akimpita masikioni asimjue.

"Huu wa sita ndio ulionileta," mpiga besi alisema, sauti imeshuka.

Fundi alivaa tena hedifoni, akashika kibano akajidai anaendelea na kazi. Kulikuwa na mkwaruzo mfupi, kisha mwanamume akafoka: "Zima hizo kelele! Hapa ni kazini, si machinjioni!" Neno la kwanza likakatwa, likarudiwa. Zima. Zima, zima. Likageuka ngoma, na saksafoni ikapanda juu yake ikihema.

Springi iliponyoka kwenye kibano ikapotelea sakafuni. Hakuinama kuitafuta; alivua hedifoni.

Aliikumbuka siku ile. Binti alikuwa akipiga vyombo vyake vya muziki kwenye chumba cha nyuma, mteja mmoja akacheka, akauliza kama kuna mgonjwa humo ndani. Aibu ilimpanda fundi kichwani, akafoka. Mwezi uliofuata binti alihama, na tangu hapo walisalimiana kwa simu tu, salamu fupi za watu wanaoogopana.

"Alikuwa ananirekodi?"

"Alikuwa anarekodi kila kitu."

"Ifuteni. Dunia nzima inisikie nikimfukuza mwanangu? Sasa? Na yeye hayupo?"

"Ukisema tufute, tutafuta. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikupiga simu. Ila haujaisha, mzee wangu. Umalizie kwanza."

Alirudisha hedifoni masikioni kwa shingo upande. Zima, zima ilikuwa ikichakaa, ikipungua nguvu, mpaka ikabaki pumzi peke yake. Mlango ukalia. Ndala zikaburuzwa sakafuni. Halafu ile ile sauti ya mwanamume, safari hii ya chini, sauti ya mtu aliyekosa na asiyejua namna ya kuomba radhi:

"Umekula?"

Hilo halikukatwa wala kurudiwa. Liliachwa zima kama lilivyotoka kinywani. Baada yake saksafoni ilipiga noti moja bila mitambo yoyote, ndefu, iliyonyooka, mpaka pumzi ya mpigaji ikaisha.

Fundi alivua hedifoni. "Sikumbuki," alisema. "Sikumbuki kabisa kama nilirudi."

"Ulirudi."

"Alinijibu nini?"

Mpiga besi alitikisa kichwa. "Hakuliweka jibu. Hata sisi hakutuambia."

Fundi aliuomba wimbo tena, halafu tena. Mara ya tatu alikuwa ameziba uso kwa viganja.

"Nisikudanganye," alisema hatimaye, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Muziki wenyewe siuelewi."

"Hata sisi tulihangaika nao mwaka mzima."

"Basi uacheni kama alivyouacha."

Kivuli kiliingia mlangoni. Alikuwa mkewe, ambaye tangu mazishi hakuruhusu redio iwashwe nyumbani, na jirani akifungulia muziki alifunga madirisha. Alimtazama mpiga besi, kisha kompyuta, kikapu kingali mkononi.

"Ni wake?"

"Ni wake, mama," mpiga besi akajibu.

"Mzuri?"

Fundi alitafuta uongo wa kumfariji, akaukosa. "Mgumu," alisema. "Mgumu sana."

Mkewe hakuingia, wala hakuondoka. Fundi alisogea mpaka mwisho wa benchi, akachukua kitambaa laini cha kufutia vioo, akafuta hedifoni upande mmoja, kisha wa pili. Mama akaweka kikapu chake kizingitini. Akainua mikono yote miwili na, polepole, akaanza kulegeza fundo la kilemba kilichomfunika masikio.