Funda la Posa

Kila jioni, jua likishazama nyuma ya vilima vya Ngong, mzee Lemayian alikuwa na ibada yake ndogo, na ole wake aliyemkatiza. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nyumbani kwake Kitengela, akajimiminia bourbon, wiski ya Kimarekani, kidogo kwenye glasi nene, akaizungusha, akainusa, akafumba macho, akainusa tena. Mtu mwingine angemaliza glasi mbili kabla yeye hajalowesha mdomo. Mkewe Soila alimtania kwamba anakunywa kwa pua. Yeye alijibu kwamba mdomo hudanganyika upesi, lakini pua ni mzee wa baraza.

Ibada hiyo aliiokota porini, upande wa Kimana, miaka aliyokuwa dereva wa watafiti wa Kimarekani waliokuja kuhesabu tembo. Kazi ikiisha, walimmiminia kidogo cha kwao na kumfundisha kutambua kilichomo. Walipofunga kambi walimwachia chupa nzito ya kioo yenye kizibo cha kioo, haina karatasi wala jina, na tangu hapo bourbon yoyote aliyoinunua ilihamia humo kwanza. Ikiwa humo, alisema, hata ya bei ya chini inajiheshimu.

Na ibada ilikuwa na mshirika mmoja. Seleyian, binti yake na mwanawe wa pekee, akitoka kazini kwenye shamba la maua la Isinya, alivuta stuli akakaa karibu na magoti ya baba yake na kikombe chake cha chai. Pombe hakunywa, ila alinusa.

"Hapa kuna nini?" mzee aliuliza.

"Sukari guru iliyoungua."

"Na nyuma yake?"

"Mbao. Na kitu kama ndizi imeiva sana."

Mzee alicheka mpaka kiti kikalia. Pua ile Seleyian aliirithi kwake, na hakuna ng'ombe aliyewahi kumpa furaha kama hiyo.

Sasa watu walikuwa wanakuja kumchukua.

Jumamosi hiyo walitarajiwa Wanyonyi na mkewe Wilkister, majirani wa mtaa wa pili, watu wa kwao Kitale waliopanga nyumba Kitengela kwa ajili ya kazi za Nairobi. Mwana wao Ezra alitaka kumwoa Seleyian, na alikuwa amepata kazi huko huko Kitale. Yaani akioa, anahama na mke. Mzee Lemayian alimpa Soila sababu zake zote za kukataa: kijana ni mwembamba mno, hajui ng'ombe, Kitale kuna baridi. Soila alizisikiliza zote huku akipepeta mchele na hakujibu hata moja, kwa sababu alijua kwamba hakuna ya kweli kati ya hizo. Ukweli ni kwamba mumewe aliogopa. Aliogopa stuli ile ikikaa bila mtu.

Kukataa kwenyewe hakukumsumbua. Katika ukoo wake posa haikubaliwi kwa maneno. Wazazi wa kijana huleta pombe, na baba wa binti akishaipitisha kooni, amemtoa mwanawe. Maji yakimwagika hayazoleki. Asipotaka, hana haja ya kumvunjia mgeni heshima. Anaiacha pombe ikae, anazungumzia mvua na bei ya ng'ombe, na wageni wenye akili wanaelewa na kuaga. Zamani ilikuwa pombe ya asali, na mzee alijaribu kujifariji kwamba ya dukani haihesabiki. Mama yake, Koko Kakenya, yaani Bibi Kakenya kwa Kimaasai, aliyetoka Kajiado asubuhi ile kwa ajili ya shughuli, alimkata kauli.

"Pombe ni pombe," alisema. "Kama ni ya asali unangoja, enda uwatafutie nyuki."

Koko alikuwa mtu wa kanisa na hakuonja kitu kikali maishani mwake, lakini sheria za pombe alizijua kuliko walevi. Alikuwa amefika akiwa na kibuyu cha maziwa, na Seleyian alipomwinamia kumsalimu, alimtemea mate mepesi utosini, kama bibi anavyombariki mjukuu wake. Baba yake Seleyian hakumpa hata mkono wa salamu kichwani. Alikuwa amenuna tangu alfajiri, na binti alipopita na trei alijifanya anaangalia malori ya Namanga dirishani.

Wageni walifika jioni, na stima ikapotea papo hapo, kama ilivyo desturi ya stima. Soila aliwasha taa ndogo ya sola, akawakaribisha, akapokea mfuko wa zawadi kutoka kwa Wilkister.

"Tulisikia Mzee anapenda hii kitu," Wilkister alisema. "Yule wa duka ametuambia hiyo ndiyo ya maana."

Ndani ya mfuko ulionekana mdomo wa chupa. Mzee Lemayian aliuona. Maskini hawa, hawakujua hata walichobeba. Kwao ilikuwa zawadi tu, kama mkate au majani chai. Lakini Koko alijua, Soila alijua, na Seleyian, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni, alijua.

"Asanteni," mzee alisema. "Soila, peleka jikoni."

Soila alimtazama kidogo, kisha akaupeleka. Mzee alishusha pumzi. Kisichokuwa mezani hakiwezi kunyweka.

Walikula. Walizungumza mvua. Walizungumza bei ya ng'ombe, mzee akiirudia mara ya pili kwa kusudi, lakini Wanyonyi alikuwa mtu wa bima, na watu wa bima hawaagi upesi. Kila mzee alipofunga mlango, yeye alifungua dirisha.

"Mzee, lakini hatujaonja ile kitu," Wanyonyi alisema akitabasamu. "Mimi si mnywaji sana, lakini leo ni leo."

"Ile tuiweke. Kitu kizuri hakina haraka."

"Basi tutaionja siku gani?"

"Tutaona."

Wilkister alirekebisha kitambaa chake cha kichwani. Koko alikohoa kwenye kona yake. Mzee alijua mgeni akiuliza mara ya tatu itabidi aseme waziwazi, na akisema waziwazi mbele ya mama yake atakuwa amewafukuza watu nyumbani kwake.

"Seleyian," aliita. "Niletee yangu."

Seleyian alikawia jikoni kuliko kawaida. Kisha akaja na trei, glasi ikiwa tayari imemiminwa, na kando yake ile chupa ya kioo isiyo na jina. Aliiweka trei mezani, akarudi mlangoni akasimama. Hakuondoa macho kwa baba yake.

Mzee alishika glasi. Kwa desturi angeizungusha sasa. Angeinusa. Lakini wakati huo huo Wanyonyi alisogeza kiti mbele, akaweka mkono juu ya goti la mwenyeji wake.

"Mkwe wangu," alisema, "wewe usiwe na wasiwasi. Seleyian hatakuwa mgeni kwetu. Mama Ezra ashatengeneza chumba yao kule Kitale, hata pazia amenunua. December tunataka wawe wamehamia."

Pazia. Walikuwa wamenunua pazia. Hasira ilimpanda mzee mpaka masikioni. Mkwe, nani amekuwa mkwe wa nani? Na kwa kuwa adabu ilimkataza kujibu, alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu Kimana: aliipeleka glasi mdomoni bila kunusa, akapiga funda moja kubwa.

Hasira hasara.

Moshi. Kabla hajameza, moshi ulimpanda puani kutoka ndani ya kinywa chake mwenyewe. Bourbon haina moshi. Hii ilikuwa wiski nyingine kabisa, ya Uskoti, ile ya shayiri iliyokaushwa kwa moshi, na ilinuka kama kibuyu cha mama yake akimaliza kukisafisha kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa mwituni. Alitazama chupa yake ya kioo. Kwenye mwanga ule hafifu aliona sasa kwamba rangi ilikuwa imepauka. Alitazama mlangoni, akakutana na macho ya mwanawe, na akajua ni pombe ya nani iliyokuwa mdomoni mwake.

Akafunga koo.

"Ama vipi, mkwe?" Wanyonyi aliuliza.

Mzee hakuweza kujibu. Mashavu yalikuwa yamejaa, ulimi ulikuwa unawaka. Aliinua kidole kimoja, kama mtu anayeomba ruhusa darasani.

"Ni jino?" Wilkister aliuliza kwa huruma.

Aliyejibu ni Koko, na si kwa maneno. Alinusa hewa. Alinyanyuka polepole, akaja mpaka mezani, akaiinua glasi na kuiweka puani, yeye ambaye hakugusa glasi ya pombe maisha yake yote.

"Mimi nilifikiria ni kibuyu yangu imefunguliwa," alisema. Alimtazama mjukuu wake, kisha mwanawe, na akahamia Kimaasai ili wageni wasielewe. "Hii si yako. Hii ni ya wageni."

Seleyian alijibu kwa lugha hiyo hiyo. "Ni mimi, Papa. Sikutaka kukudanganya. Wewe hunusa kila siku, hujawahi kuacha hata siku moja. Nilijua utanusa na utajua. Ungeiweka chini, ningejua umekataa, ningewatolea chai wakaenda, na hakuna mtu angeaibika. Nilitaka tu uniambie mimi."

Yule mzee alitamani ardhi ipasuke. Mtoto alikuwa amemwuliza swali kwa lugha yao wawili, lugha ya pua, swali ambalo mtu mwingine chumbani asingelisikia. Na yeye, kwa hasira ya pazia, hakulisikia.

Wanyonyi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Soila alikuwa ameshika kiuno, midomo ikicheza bila sauti, alikuwa anaomba.

Sasa afanye nini? Akimeza, amekubali, na Koko ni shahidi. Machozi yalianza kumtoka kwa ukali wa kile kitu. Mlango wa nje ulikuwa wazi, upepo wa Kitengela ukiingia na vumbi lake. Hatua chache tu, ateme uani, arudi aseme jino kweli linamsumbua. Alisimama. Wageni nao wakasimama, kwa kuwa hawakujua la kufanya.

Seleyian alimtangulia. Hakumzuia, nafasi ya kupita ilikuwepo. Alifanya tu kile ambacho hakupewa nafasi ya kukifanya tangu asubuhi, na ambacho alikifanya kila siku tangu alipojua kutembea: aliinamisha kichwa mbele ya baba yake, akangoja mkono wake wa salamu.

Koko alicheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyeona mengi. Akarudi kwenye Kiswahili, na safari hii hakujali nani anaelewa.

"Meza ama uteme, kwangu ni sawa tu. Ukimeza, umekubali. Ukitema, mtoto yuko hapo mbele yako. Mimi sikukuita Lemayian ya bure."

Lemayian, yaani wa baraka. Jina alilobeba miaka yote bila kulifikiria zaidi ya kitambulisho chake.

Alikitazama kichwa kile kilichoinama. Aliiona njia ya nywele katikati, na kando yake kovu dogo la siku alipoanguka kwenye zizi la mbuzi, yeye mwenyewe akamkimbiza hospitali ya Kajiado akiwa amemfunga kwa shuka. Alikumbuka wazee wa kwao walivyompulizia pombe ya asali usoni kumbariki siku alipoondoka kwenda kutafuta kazi, na baba yake akiwa miongoni mwao, akilia na kupuliza. Hakujua wakati ule kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili kwa kinywa kimoja. Ilimuuma. Ilimuuma sana, na bado aliweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

Kisha akapuliza. Wiski ilitoka laini kama manyunyu, ikatua kwenye nywele za Seleyian, mabegani, kwenye kanga yake, na sebule nzima ikanuka kibuyu.

"Jameni," Wilkister alisema, mkono mdomoni. "Amemtemea mtoto."

Wanyonyi alikuwa amebadilika rangi. "Mzee, kama haikuwa nzuri ungetuambia tu. Yule wa duka alituapia."

Soila ndiye aliyecheka kwanza, machozi yakimtiririka, akamkumbatia Wilkister ambaye hakuelewa kitu. Koko alikuwa amesharudi kwenye kona yake akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Ni nzuri," mzee Lemayian alisema. Alifuta kidevu, akarudi kwenye kiti chake, akaketi kwa uzito. "Seleyian, letea mkwe wangu glasi. Yeye hajaonja."

Seleyian aliileta glasi, nywele bado zikidondosha matone. Baba yake alimmiminia Wanyonyi, kisha akaivuta ile stuli kwa mguu mpaka karibu na magoti yake, asimwambie mtu akae. Seleyian akakaa. Mzee aliizungusha glasi yake, akaisogeza kwenye pua ya binti.

"Hapa kuna nini?"

"Moshi, Papa."

"Na nyuma yake?"

Seleyian alifumba macho akanusa kwa muda. "Asali," alisema.

Mzee hakuamini. Akainusa mwenyewe, akainusa tena, wageni wakimngoja, mpaka na yeye akaipata. Kisha akameza.