Mgeni wa Bi Ottilie

Bi Ottilie Brandhuber, mwandishi wa Kijerumani, aliwahi kutunga riwaya ya kurasa mia nne ambayo mhusika wake mkuu ni ngazi. Watu wanapanda, watu wanashuka, na ngazi inawajua kwa uzito wao tu: huyu amebeba viazi, huyu ana mimba na hajamwambia mtu, huyu katoka mazikoni. Hamdiya aliifungua siku moja katika maktaba ya chuo chake, Houston, huku akisubiri basi. Basi likaja likaenda. Likaja jingine nalo likaenda. Alipotoka mle ndani alikuwa binti wa Mombasa aliyepagawa na bibi wa Kijerumani ambaye hajapata kumwona.

Akajifunza Kijerumani. Akahitimu. Akafasiri tamthilia moja ya Bi Ottilie kwa Kiswahili, akampelekea pamoja na ombi la kuiigiza, na Bi Ottilie akampigia simu kwa sauti kama ya mwalimu mkuu. "Nitakuja kuitazama. Ikinipendeza, utapata ruhusa ya kufasiri tamthilia zangu zote saba, na ile ngazi pia. Lakini likiongezwa neno moja, hutapata hata nukta."

Hakuwa akitania. Kwao, watu walisema, alishafunga onyesho katikati kwa sababu mwigizaji alipiga chafya isiyokuwamo.

Tamthilia yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia na ngumu kuiigiza. Mwanamke anaandaa meza ya watu wawili. Chakula ni cha moto. Anamkaribisha mgeni, kwanza kwa adabu, kisha kwa mizaha, kisha kwa kubembeleza. Mwishoni pameandikwa: *Mgeni anaingia. Anakula. Akimaliza, taa zinazimwa.* Tatizo ni kwamba Bi Ottilie alikataza katakata mwigizaji yeyote kupewa nafasi ya mgeni. Hivyo kwa miaka thelathini, kila ilipochezwa, yule mwanamke alikaribisha hadi chakula kikapoa, pazia likafungwa, na watazamaji wakapiga makofi ya huzuni wakaenda zao.

"Msiba gani huo?" mamake Hamdiya, Bi Intisar, aliuliza jikoni kwao Pearland, kando ya Houston.

"Ni sanaa, mama."

"Na chakula? Cha kuchora?"

"Lazima kiwe cha moto kweli."

"Basi hapo mwachie mamako."

"Sawa. Lakini ukumbini usiseme kitu, mama. Nakuomba. Hata uh."

"Mimi? Nitakaa kama gunia."

Siku ikafika, Jumapili moja ya mwaka 1999. Mjomba Hemed, dereva wa teksi, alikwenda kumpokea Bi Ottilie uwanja wa ndege. Hemed alifanya kazi zamani katika hoteli za watalii za Diani, na Kijerumani chake kilikuwa cha ufukweni tupu. Alimwambia mwandishi mashuhuri kwamba yeye ni mrembo, kwamba bahari leo ni shwari, na kwamba nazi ni rahisi. Bi Ottilie akashuka ukumbini akiwa na uso uliokazwa kama mtu anayezuia kitu, na Hamdiya hakujua kama ni hasira au nini.

"Umemwambia nini, mjomba?"

"Yote niyajuayo," Hemed akajibu kwa fahari.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kukodi, wa harusi, wenye mapazia ya waridi. Watu walijaa pomoni, wengine wakiwa bado na sare za hospitali. Bi Ottilie aliketi mstari wa mbele, nakala yake mapajani. Kiswahili hakukijua, lakini aliuliza idadi ya mistari na sasa alikuwa ameandaa kidole cha kuifuata.

Nyuma ya pazia, Josiane, mwigizaji pekee, alikuwa akichungulia ukumbi. Alikuwa ameendesha gari kutoka Grand Prairie, mwendo wa saa nne, anakofanya kazi ya ghala, na Kiswahili chake cha Bukavu kilimtoka chote kwa hofu. "Dada Hamdiya, batu ni bengi! Minaogopa."

"Wewe sema tu yaliyoandikwa. Neno kwa neno."

Pazia likafunguliwa. Josiane akaweka sahani mbili, kisha akafunua sufuria. Hapo ndipo Hamdiya alipotambua kosa lake la kumwachia mamake chakula. Biriani ya Bi Intisar ilitoa mvuke, mvuke ukashuka jukwaani, ukatembea mstari kwa mstari. Watu wakanyoosha shingo. Mtu akasema, "Ya Rabi."

Josiane akakigeukia kiti kitupu. "Karibu chakula."

"Starehe!" ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja.

Kidole cha Bi Ottilie kikasimama.

Hamdiya akauma pindo la mtandio wake. Lakini ungefanya nini? Watu hawa wamelelewa. Ukikaribishwa, unajibu.

"Kiti ni chako," Josiane akaendelea, sauti ikimpanda.

"Ahsante, mama!"

"Usione haya."

"Haya tunayo, lakini inapungua!" akapaza sauti Hemed, na kicheko kikaangusha mtu kitini. Kwenye swichi za taa, kando ya jukwaa, Nderitu, kijana aliyepewa kazi ya kuziwasha na kuzizima, alimnong'oneza Hamdiya: "Hii ni drama ama ni arusi?"

Bi Ottilie hakucheka. Alikuwa amefunga nakala yake. Hamdiya aliziona tamthilia zote saba zikipanda ndege na kurudi kwao, na ngazi nyuma yao.

Kisha Josiane akafika mahali pa kubembeleza. Aliikariri sehemu hiyo wiki nyingi, na machozi yakamtoka ya kweli: "Nimekungoja. Nimepika. Njoo, hata kidogo tu. Njoo unawe."

Hakuna aliyejibu, neno lilikuwa halitoshi tena. Na katika kimya hicho, gunia la mstari wa tatu likainuka.

"Mathe yako anapanda jukwaani," Nderitu akasema.

Bi Intisar alipanda taratibu, akavua viatu pembeni, akanawa katika bakuli, akaketi kwenye kiti kilichokaa kitupu miaka thelathini. "Bismillahi," akasema. "Usilie, mwanangu. Nimekuja."

Akatia tonge mdomoni.

Bi Ottilie akasimama. Hamdiya akamkimbilia, akijikwaa kwa Kijerumani chake chote. "Nisamehe, huyo ni mamangu, hakukusudia..."

"Amesema nini?"

"Amesema... usilie, nimekuja."

Bi Ottilie akashika mkono wa kiti. "Mamangu aliweka sahani ya baba kila jioni," akasema, "miaka yote baada ya vita. Nilikuwa nikiitazama ikipoa. Nikaandika mgeni anaingia, nikasema, sitamlipa mtu aigize kuja. Aje mwenyewe." Akapenga kamasi kwa kishindo. "Miaka thelathini! Watu wenye tiketi, wenye digrii, na hata mmoja hajakubali karibu!"

Kisha akapandisha sketi yake na kupanda jukwaani.

"Sogea," Bi Intisar akamwambia Josiane, "mgeni wetu apate nafasi." Akamwekea Bi Ottilie kipande kikubwa cha nyama. Hemed akafuata na kiti chake, akimtangazia Bi Ottilie kuwa bahari ni shwari, na safari hii Bi Ottilie akaachia kile kicheko alichokizuia tangu uwanja wa ndege, hadi nywele zikamfumuka. Baada ya hapo hapakuwa na ukumbi wala jukwaa. Masufuria mengine yalitokea kwenye magari, maana nani huenda shughulini mikono mitupu?

Hamdiya alisimama katikati, akicheka na kulia, hajui aanze na lipi.

"Wewe!" Bi Ottilie akamwita, mchuzi kidevuni. "Zote saba! Na ngazi! Lakini kaa ule kwanza!"

Nderitu alikuwa bado kwenye swichi zake, mwaminifu wa maandishi. "Dada Hamdiya! Imeandikwa mgeni akimaliza, nizime taa. Nizime?"

Hamdiya akatazama jukwaa. Josiane alikuwa akipakuliwa mara ya pili, na mlangoni walikuwa wakiingia watu ambao hata onyesho hawakulijua.

"Bado," akasema, akivua viatu. "Wageni ndio kwanza wanaingia."